Kabla hujaitafutia Massey 135 pistoni mpya

Wenye Massey Ferguson 135 za zamani, zile za injini ya Perkins AD3.152 yenye silinda 3: trekta ikilemewa na jembe huku Uyole, Mbeya, usikimbilie kumwambia fundi aongeze mafuta kwenye pampu. Tuko juu ya mita 1,700, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Dizeli ikizidi hewa, haiungui yote. Utapata moshi mweusi na injini kuchemka, nguvu hakuna.

Anza na chujio la hewa, lile la oili: mwaga, osha, jaza oili mpya mpaka kwenye alama. Nozeli, zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, zikapimwe kwenye mashine, halafu kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ikiwa chini, hapo ndipo pesa iende: laina (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni na ringi za seti moja, na valvu zisagwe. Nenda dukani na namba ya injini. Muuzaji akikwambia "hizi zinafanana", ondoka.

Turbo, ile ya kuisukumia injini hewa zaidi? Siipendekezi. Konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni kwenye kranki) na beringi za injini hii hazikuundwa kwa mzigo huo, na hata zikivumilia, klachi itaanza kuteleza.