Maji Hayana Breki: Kujifunza Kurusha Ndege ya Injini Mbili Inayotua Majini na Nchi Kavu

Kuruka kwenyewe ndiko rahisi. Ndege yenye maboya ikishakuwa hewani ni ndege kama nyingine, ila nzito kidogo na mvivu kupanda. Kazi iko chini, kwenye maji, na huko ndiko mwalimu wako atakakokupotezea saa zako nyingi.

Mimi nilikuja na leseni ya injini moja ya nchi kavu, saa 300 hivi, na majivuno ya kutosha. Siku ya kwanza, tulipokaribia gati, nilikanyaga breki. Zilikuwepo, maana ndege ina magurudumu. Lakini magurudumu yenyewe yalikuwa yamekunjwa ndani ya maboya. Mwalimu wangu, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alicheka huku akizima injini zote mbili. Tukaserereka taratibu mpaka gatini.

Ukiweza kuchagua, anza na maboya kwenye injini moja, kisha ndipo uongeze ya pili. Mambo ya injini mbili yana kanuni zinazoandikika. Maji yanataka mazoea. Marekani, kwa mfano, mwenye leseni ya ndege anapoongeza daraja la majini kwa kiwango kilekile cha leseni hawekewi mtihani wa kuandika wala idadi ya chini ya saa. Anafunzwa mpaka mwalimu amwidhinishe, kisha anahojiwa na kuruka na mtahini, basi. Usifurahi mapema: mtahini ana macho.

Nilijifunzia AirCam, ndege ya viti viwili isiyo na paa, yenye injini mbili za Rotax 912 za nguvu farasi 100 kila moja, propela zikisukuma kutoka nyuma ya bawa. Phil Lockwood aliibuni miaka ya 1990 kwa ajili ya wapiga picha wa National Geographic waliotaka kuruka chini juu ya msitu wa Kongo, mahali ambapo injini ikizima hakuna pa kutua. Ndiyo maana zikawa mbili.

Majini, injini hizo mbili ndizo usukani wako wa kweli. Vipo visukani vidogo nyuma ya maboya, navyo vinasaidia ukienda polepole, lakini upepo ukivuma havina ubavu. Ndege majini ni kama kishada: pua inataka kutazama upepo daima. Kuugeukia ni bure. Kuupa mgongo ndiko kunakotaka hesabu: ongeza gesi kwenye injini ya upande wa joshi, upepo unakotoka, na ya demani iache ikinguruma tu. Fanya kidogo kidogo. Ukiongeza kwa pupa, maji yanaruka na kupita kwenye propela, na tone la maji kwa kasi ile hutoboa ncha ya pangaboi kama changarawe. Mabaharia watakuelewa upesi kuliko marubani hapa, na kisheria wewe ni mwenzao: kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinataka ndege iliyo juu ya maji ikae mbali na vyombo vyote na isivizuie njia. Hata mwenye mtumbwi mpishe.

Kupaa sasa. Pandisha visukani vya maji (nilivisahau mara mbili), vuta wenzo wa kuinua na kushusha pua hadi tumboni, peleka gesi zote mbili mbele bila pupa. Pua itapanda, itatulia, itapanda tena. Hapo ndipo ulegeze wenzo kidogo. Ndege itainuka juu ya kidato kilichokatwa chini ya boya na kuanza kuteleza juu ya maji badala ya kuyalima. Injini zilizokaa juu ya bawa zina tabia yake: ukiongeza gesi pua inasukumwa chini, ukiikata inainuka. Mwili wa rubani wa nchi kavu unatarajia kinyume, na utahitaji siku kadhaa kuushawishi. Pua ikianza kuchezacheza kama pomboo, vuta wenzo uitulize. Ikizidi, kata gesi zote, shika wenzo nyuma, ngoja. Usijaribu kuifukuza kwa mkono, kwani mkono wako huchelewa kila mara.

Injini moja ikizima ukiwa bado majini, kata na nyingine papo hapo. Maji yatakusimamisha upesi. Ikizima hewani, mguu usio na kazi kwenye pedali ndio unaokuonyesha injini iliyokufa; thibitisha kwa wenzo wa gesi kabla hujazima chochote, na usiache kasi ishuke chini ya mstari mwekundu wa chini kwenye kipimakasi, yaani kasi ndogo kabisa ya kuidhibiti ndege kwa injini moja. Kurudi gatini kwa injini moja kunafurahisha zaidi, kusema kweli: ndege inageuka kwa hiari kuelekea upande wa injini iliyokufa na inakataa upande mwingine. Panga njia yenye kona za upande mmoja tu.

Watu huogopa mawimbi. Mimi naogopa maji yaliyolala kama kioo. Macho hayaoni umbo lake, hujui umebakiza futi 50 au 5. Usiyatafute kwa macho. Pita karibu na ukingo ili upate kitu cha kupimia, inua pua juu kidogo zaidi ya kawaida, weka gesi ya kushuka futi 150 kwa dakika au pungufu, kisha usiguse kitu. Mara ya kwanza niliapa moyoni kwamba tunagusa sasa hivi. Nikahesabu hadi ishirini ndipo maboya yakagusa. Kwa mwendo ule, hizo ni futi 50 ambazo macho yangu yalizimeza.

Na magurudumu. Ukitua kwenye lami yakiwa juu, utakwaruza mkuku wa maboya na kupata aibu. Ukitua majini yakiwa chini, yanang'ata maji na ndege inapinduka, nawe unaning'inia kichwa chini ndani ya maji. Siku moja tuliondoka kwenye uwanja, redio ikaniita nikiwa napanda, nikasahau kuyakunja. Dakika kumi na tano baadaye, futi 300 juu ya maji, mwalimu akauliza: «Maji au nchi kavu?» Maji. «Taa gani?» Nikatazama: kijani, chini. Buluu ndiyo ya majini. Nikasukuma gesi zote mbili, tukazunguka upya bila neno. Tangu hapo husema kwa sauti, mara tatu kabla ya kugusa, hata nikiwa peke yangu: «Natua majini, magurudumu juu, kushoto juu, kulia juu,» na kila boya nalitazama kwa macho yangu, si taa peke yake. Jaketi la kuokolea livae kila safari, ila usilijaze hewa kabla hujatoka kwenye ndege.

Ukimaliza, shusha magurudumu ukiwa bado unaelea, hakikisha yamefunga, panda mteremko kwa gesi sawa pande zote. Kama maji yalikuwa ya chumvi, osha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Kisha ngama, yaani chini kabisa ya chombo yanakokusanyika maji yaliyovuja. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na methali hii kwenye ndege ya maboya ni kazi ya kila siku: kila chumba cha boya kina tundu lake la pampu, nawe unapiga na kuhesabu. Andika idadi. Boya langu la kushoto huwa pigo 4 au 5 kwa chumba. Jumanne moja chumba cha pili cha kulia kilitoa 31, nasi tukashinda mchana kutwa tumelala chini ya boya na tochi, tukitafuta ribiti moja iliyolegea.