Bimkubwa ndo anamuuguza mzee? Mpunguzieni mzigo hivi

Tukipiga simu nyumbani swali ni lile lile, mzee anaendeleaje, tukiambiwa yuko vizuri tunakata. Na yule anayemgeuza usiku nani kamuuliza? Kwetu Bugarika, Mwanza, mama ana miaka 71, baba kapata kiharusi huu mwaka wa pili yuko kitandani, na sisi watoto tuliona tunasaidia kwa vile hela tunatuma.

Anzeni na usingizi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kama kila masaa mawili asije akapata vidonda, sasa hesabu mwenyewe mama anaamka mara ngapi mpaka asubuhi. Pangeni zamu za kulala pale, zenye jina na siku, maana "nikipata nafasi ntakuja" haijawahi kumpumzisha mtu.

Alafu mgongo wake. Kunja shuka mara mbili ilale chini ya mgonjwa kuanzia mabegani mpaka mapajani, watu wawili mshike kila mmoja upande wake, mpinde magoti, mumsogeze kwa shuka. Msimvute ule mkono uliopooza, bega linaumia vibaya. Na kama kitanda kiko chini sana pandisheni miguu yote minne kwa matofali yasiyocheza, kuinama kutwa nzima ndo kunamaliza kiuno cha mama.

Maji! Yani huku mlimani kwenye mawe daladala inakuacha chini, bomba likikata ni ndoo na ngazi, na mashuka ya mgonjwa yanafuliwa kila siku. Mlipeni kijana wa maji kwa wiki kabla hamjafikiria kumnunulia mama kitenge.

Mpimeni na yeye. Mama yetu dawa za presha zilimwishia akanyamaza, eti hela ya dawa ni ya baba, tukaja kujua alipoanguka jikoni. Tarehe zake za kliniki ziandikwe pembeni ya zile za mzee na mtu ampeleke. Kisera mtu anahesabiwa mzee kuanzia miaka 60, na wasiojiweza wanatakiwa watibiwe bure, kwahiyo nendeni kwa mtendaji wa mtaa muulizie kitambulisho cha mama cha matibabu bure, sio cha baba peke yake.

Mwisho muulizeni anataka nini, msimkisie. Wetu alisema anataka Jumapili aende kanisani akae mpaka kwaya imalize, basi. Siku hizi kaka anabaki na mzee, mama anarudi saa nane.