Kabla ya kuweka GRUB, soma lsblk kwanza
Unapoweka Linux kwa flashi, usibonyeze Enter haraka pale unapoulizwa GRUB (programu inayoanzisha Linux kompyuta inapowaka) iwekwe kwenye diski ipi. Fungua terminal, andika lsblk (amri inayoorodhesha diski zote), usome safu ya SIZE, yaani ukubwa, taratibu. Wakati mwingine flashi ya GB 16 ndiyo hupewa na Linux jina la sda, na diski ya kompyuta ikawa sdb. Ukichagua sda kwa mazoea, kompyuta itawaka vizuri flashi ikiwa imechomekwa. Ichomoe, haiwaki tena. Nimeona watu wakifuta kila kitu na kuanza upya kwa kosa hili, na inauma, maana mafaili yao yalikuwa salama kabisa.

Kama yameshakukuta, rudisha flashi, washa, kisha kwa kompyuta ya BIOS (mfumo wa zamani wa kuwasha kompyuta) andika:

sudo grub-install /dev/sdb

Usiweke namba mwishoni. sdb1 ni kipande tu cha diski, ilhali BIOS husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski nzima, baiti 512. Kwa UEFI, mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS, ni tofauti: GRUB hukaa kwenye kipande cha EFI, kwa kawaida chenye umbizo la FAT32, kinachoonekana kwenye /boot/efi.