Perege wa Ziwa Chala: usimpelekee sato kwa ndoo

Ziwa Chala limekaa ndani ya shimo la volkano, mpakani mwa Rombo (Tanzania) na Taveta (Kenya), ubavuni mwa Kilimanjaro upande wa mashariki. Humo yumo perege ambaye kwa asili yake hapatikani kwingine duniani, Oreochromis hunteri. Kundi zima la Oreochromis lilipewa jina mwaka 1889 kwa kumtumia yeye, jina lenye neno "mlima" ndani yake, na sato wa mabwawa yetu analibeba hadi leo. Sasa huyu perege yu hatarini kabisa kutoweka.

Mfugaji wa Rombo, kuta za mwamba za Chala zinakusaidia. Bwawa lako la nje likifurika, maji hayapandi ukuta kuingia ziwani. Sato hufika kule akiwa amebebwa. Vifaranga vimezidi, wateja hakuna, kuvitupa kunauma, basi mtu anashuka na ndoo "vikakue kule". Tafadhali, usifanye hivyo hata mara moja. Sato huzaana na perege wa jamii yake, chotara wao nao huzaa, na damu ikishachanganyika hakuna wavu wa kuwatenganisha. Vya ziada wape kuku au kambare wako. Wala usijipe moyo kwamba ulinunua madume matupu: homoni wanayopewa vifaranga ili wawe madume haigeuzi vyote, majike wachache husalia.

Maji ya bwawa hayapandi, ila yanateremka. Upande wa Taveta mto Lumi unaingia Ziwa Jipe, lenye perege wake wa asili. Kwa hiyo ukikausha bwawa, elekeza maji kwenye mboga, yana rutuba. Mdomo wa bomba ufungwe wavu wenye matundu madogo kuliko kifaranga, tena uukague, maana wavu ukiziba, maji hupita juu ya tuta pamoja na samaki. Madimbwi yanayobaki yamwagie chokaa.

Kwa wavuvi wa Chala, jambo moja. Jike huatamia mayai mdomoni. Ukimkuta wavuni, tazama chini ya taya: pakiwa pamevimba kama kifuko, ana mayai au watoto mdomoni. Lowesha mikono kwanza, usimbane, usimnyanyue juu kwa kumwangalia, kwani akitaharuki huyatema. Legeza uzi ukiwa umemshika ndani ya maji, umwachie palepale.