SOMO: Kihami cha nyaya za chipu kinachotoboka kabla ya siku zake

Wadau, swali ni lile lile kila nikifungua ujumbe: "Kihami changu kati ya nyaya za shaba kinatoboka mapema, nibadilishe materiali gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia linki.

Jibu fupi: usianze na kubadilisha materiali. Mara nyingi kihami hutoka kwenye mashine ya kutandaza kikiwa kizima, halafu sisi wenyewe tunakiharibu hatua zinazofuata.

Tuwekane sawa kwanza. k ni kipimo cha jinsi kihami kinavyohifadhi chaji ya umeme, na kati ya nyaya tunaitaka iwe ndogo. Dioksidi ya silikoni ina thamani ya k ya karibu 4. Ile iliyotiwa kaboni (SiCOH) iko kati ya 2.7 na 3, na yenye vitundu hushuka hadi 2.5 hivi. Maji yana karibu 80. Ishike hiyo 80 kichwani. Jambo la pili ni umbali: volti 1 kwenye pengo la nanomita 10 ni megavolti 1 kwa kila sentimita. Volteji ya chipu imepungua kidogo kidogo, ila mapengo yamesinyaa mno, kwa hiyo kihami cha leo hakina pa kujificha.

1. Tandaza kihami, kikaushe kwa mwanga wa UV. Joto karibu nyuzi 400. Fuata resipi ya mashine.

2. Chonga mifereji ya kuwekea shaba. Angalia kingo. Umeme hautazami wastani wa pengo, unatafuta mahali palipobana kuliko pote. Ukingo uliopindapinda au kishimo cha kuunganishia tabaka kilichokaa upande vinakula pengo lako kimyakimya.

3. Ondoa fotoresisti (utando unaoathiriwa na mwanga, uliotumika kuchorea mifereji). Hapa tulia usome polepole, maana hatua hii ndiyo iliyonitia adabu.

Plasma (gesi iliyochajiwa umeme) ya oksijeni inaondoa fotoresisti haraka na inaacha kaki (kisahani cha silikoni kinachojengewa chipu) safi, ndiyo maana kila mtu anaikimbilia. Lakini oksijeni haibagui. Inang'oa pia vikundi vya methili (CH3) vilivyoshikamana na silikoni, na mahali pake panabaki Si-OH. Methili ndiyo inayofanya kihami kikatae maji kama jani la yungiyungi. Ikiondoka, kuta za mfereji zinaanza kunywa unyevu wa hewani, na kwenye kihami chenye vitundu uharibifu unapenya ndani zaidi. Kibaya ni kwamba huoni kitu. Kwa darubini ya elektroni upana ni ule ule, kina kile kile. Ukipima k kwenye kaki tupu unapata namba nzuri, kwa sababu kaki tupu haikupitia hatua hii! Dalili zinakuja baadaye, mkondo unaovuja ukianza kupanda, tena kaki zikiwa zimeshakaa hewani.

Tumia haidrojeni iliyochanganywa na heli, na plasma iwashwe mbali na kaki ili zifike atomi zisizo na chaji huku ayoni na UV vikiishia huko huko juu. Ni polepole kuliko oksijeni. Vumilia.

Namna ya kujikagua: chukua kipande chenye mifereji, kichovye muda mfupi kwenye HF (asidi ya haidrofloriki) iliyozimuliwa sana, kisha kikate ukitazame kwa upande. Sehemu iliyopoteza methili imekuwa kama oksidi ya kawaida, hivyo inayeyuka, nzima inabaki. Unene uliolika ndio unene wa madhara yako. Kwenye kaki tupu iliyopitishwa kwenye plasma ile ile, piga infraredi: kilele cha karibu 1275 cm⁻¹ (Si-CH3) kikishuka na mgongo mpana wa 3200 hadi 3700 (Si-OH na maji) ukiinuka, umeharibu. Huna infraredi? Dondosha tone la maji. Likisimama wima uko salama, likitandaa rudi kwenye resipi.

ONYO: HF inapenya ngozi, na ikiwa nyepesi maumivu huchelewa kuja. Kama huna jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, usifungue chupa. Sitajibu swali la mtu anayetaka kuruka hili.

ONYO la pili: kuna mvuke wa kurudishia methili. Unasaidia, ila unatibu juu juu tu. Usiufanye kisingizio cha kurudi kwenye oksijeni.

4. Safisha, kisha oka kaki kwenye ombwe kabla ya kizuizi (utando wa tantalamu unaozuia shaba kupenya kwenye kihami). Maji utakayoyafungia chini ya tantalamu yatabaki humo, yataoksidisha kizuizi chako kwa ndani.

5. Weka kizuizi (TaN/Ta), mbegu ya shaba (utando mwembamba wa kuanzishia), jaza shaba. Kizuizi kisiwe na upenyo. Basi.

6. Ng'arisha na ufunike. Mfereji huwa mpana juu kuliko chini, kwa hiyo nyaya mbili zinakaribiana zaidi kwenye uso wa juu. Na uso huo huo ndio uliotoka kusuguliwa: una mabaki ya shaba, oksidi ya shaba, na kaboni ya dawa ya kuzuia kutu. Penye uga mkali wa umeme ndipo penye uchafu. Ayoni za shaba zinapita hapo, haziendi kuhangaika katikati ya kihami. Safisha vizuri, usiziache kaki zikisubiri foleni, kisha ndani ya chemba moja piga plasma nyepesi ya amonia au haidrojeni na utandaze SiCN (utando wa kufunikia) bila kuvunja ombwe. Nyepesi nimesema. Ukizidisha, plasma hiyo nayo inakula methili, unarudi hatua ya 3.

7. Pima hadi vitoboke. Nyaya za sega (zilizopangwa kama meno ya sega mbili zilizoingiliana), joto la juu, volteji kadhaa tofauti, chora grafu ya Weibull (inayoonyesha jinsi muda wa kutoboka unavyotawanyika). Taja eneo ulilopima. Sega dogo hudumu kuliko chipu nzima, na ukisahau kuhesabu eneo utajidanganya.

---

Kaki_Tupu: Mkuu, kwa kifupi, materiali ipi ni bora?

Mwandishi: Aya ya pili.

Mdadisi_wa_Shaba: Asante kwa somo. Nitajuaje kama muuaji ni ayoni za shaba au ni kihami chenyewe kuchoka?

Mwandishi: Hilo ni swali. Tengeneza kapasita za aina mbili juu ya silikoni, kihami kile kile, moja ina elektrodi ya shaba na nyingine ya alumini, zote bila kizuizi. Zipashe joto, weka chanya upande wa metali, kisha fanya nyingine kwa hasi. Ayoni ya shaba ina chaji chanya, kwa hiyo inasukumwa ndani pale tu metali ikiwa chanya. Shaba ikifa haraka kwa chanya lakini ikavumilia kwa hasi, na alumini ikavumilia kote, umemkamata. Zote zikifa sawasawa, tazama kihami chenyewe. Kwenye sega kugeuza nguzo hakukuambii mengi, maana shaba iko pande zote mbili.

Volti_Mbili: Nimefuata hatua zote, bado vinatoboka. Nadhani somo lina kasoro.

Mwandishi: Hatua ya 3 umetumia gesi gani?

Volti_Mbili: Oksijeni, lakini kidogo tu.

Mwandishi: Basi hukufuata hatua zote.

Volti_Mbili: Si lazima ukali mkuu, mashine yetu haina haidrojeni.

Mwandishi: Hilo ungelisema mwanzo tusingefika huku. Shusha joto la kaki, shusha shinikizo ili ayoni zishuke wima badala ya kupiga kuta, fupisha muda, kisha fanya jaribio la HF upime madhara. CO2 badala ya oksijeni nayo hupunguza ukali, kama laini ya gesi mnayo.

Mzizi_wa_E: Kwenye timu tunabishana kuhusu kanuni ya kukadiria umri wa kihami kutokana na ukali wa uga wa umeme (E): mfano wa E au wa mzizi wa E? Data yetu inakaa kwenye yote miwili.

Mwandishi: Lazima ikae, kwa sababu mmepima kwenye volteji kubwa tu, na huko mistari yote inalingana. Inaachana mkishuka kuelekea volteji ya matumizi. Mfano wa E hutoa umri mfupi zaidi, kwa hiyo ndio wa tahadhari. Wekeni sega chache kwenye volteji ndogo mziache muda mrefu. Mkituma ripoti, andikeni mfano mliotumia. Umri usio na jina la mfano mimi siusomi.

Fundi_wa_Probu: Niongeze kidogo. Kabla ya kulaumu kihami, pima mkondo unaovuja, oka kaki kwenye nitrojeni, pima tena bila kuitoa kwenye nitrojeni. Ukishuka kisha ukapanda tena baada ya kuiacha hewani, ni maji.

Mwandishi: Kweli kabisa, na ni rahisi kuliko yote niliyoandika. Ila maji yaliyoshikwa kwa nguvu na Si-OH hayatoki kwa joto dogo. Mkondo usiposhuka, usitangaze kwamba kihami ni kikavu.

Mdadisi_wa_Shaba: Na mapengo ya hewa je? Si k ni 1 na hakuna methili ya kuharibu?

Mwandishi: Intel waliyaweka kwenye tabaka mbili za nyaya za chipu zao za nanomita 14, mwaka 2014, kwa hiyo si ndoto. Lakini kuta za shaba bado zinahitaji kufunikwa, na ayoni zitafuata utando huo wa kufunikia. Kishimo cha juu kikikaa upande kidogo, kinatobokea kwenye pengo na metali inamwagikia humo. Pia hewa haibebi mzigo chipu inapofungashwa, ndiyo maana hayawekwi kila mahali.

Kaki_Tupu: Nimeisoma aya ya pili. Sasa kaki zilizokatwa vipande zinanywa unyevu ubavuni?

Mwandishi: Zinanywa, ndiyo. Ndiyo maana chipu huzungushiwa pete ya metali kutoka chini hadi juu, pamoja na ukuta wa kuzuia nyufa za msumeno. Kagua kama kielelezo chako cha majaribio kina pete hiyo. Vingi havina, na watu wanapima ubavu wakidhani wanapima kihami.