Kabla Hujavuka Kwenda Run: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayetaka Kukaa Kisiwa Kidogo cha Banda

Mtu akiniambia anataka kuhamia kisiwa kidogo cha Indonesia, mara nyingi huanza na bei ya kiwanja. Mimi humuuliza habari ya paa. Nyumba unayoitaka imeezekwa kwa nini? Run na Ai, visiwa viwili vya upande wa magharibi wa funguvisiwa la Banda katika mkoa wa Maluku, havina mto wala chemchemi ya kutegemea. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadhia ni ya mvua iliyopita juu ya paa lako ikaingia kwenye tangi lako. Waingereza waliojichimbia Run mwaka 1616 chini ya Nathaniel Courthope, Waholanzi wakiwazingira hadi 1620, waliishi kwa maji hayo hayo.

Hesabu yake ni rahisi, na uifanye kabla ya kutoa hata shilingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 10 hukupa lita 500, ukitoa kidogo kinachomwagikia pembeni. Watu wanne wanaojibana, lita 30 kila mmoja kwa siku, wanazimaliza kwa siku nne. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna tangi. Uliza linabeba lita ngapi, lina ufa, na mwaka uliopita lilikauka mwezi gani. Nyumba ya makuti ya msago ina ubaridi mzuri sana mchana, lakini maji yake huja na rangi na takataka. Bati nalo huliwa na chumvi ya bahari, basi panda ulitazame mwenyewe, usitosheke na picha. Na tangi lifunikwe, kwa sababu mbu wa dengue hupenda maji safi yaliyotulia, na Maluku malaria ipo pia.

Kisiwa jirani cha Lontor, kilicho kikubwa kuliko vyote, kina kisima cha kale ambacho wenyeji hukisafisha kila baada ya miaka kadhaa kwa sherehe iitwayo Cuci Parigi, na watoto wa kijiji waliotawanyika hurudi kwa ajili yake. Kisima kikiwa na sherehe yake, ujue maji yana thamani gani hapo.

Baada ya maji, bahari. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa kusi na kaskazi. Kule wana musim timur na musim barat, upepo wa mashariki katikati ya mwaka na wa magharibi mwanzoni mwa mwaka. Miezi ya Juni hadi Agosti, na tena Januari na Februari, mawimbi huwa makubwa na vyombo huahirishwa. Utulivu hupatikana wakati wa maleleji, kama Oktoba na Novemba, au Machi na Aprili. Panga kuhama wakati huo, lakini nyumba kaikague wakati wa dhoruba. Aliyekiona kisiwa Oktoba peke yake hajakiona.

Njia yenyewe ni hivi: unafika Ambon kwa ndege, kisha unapanda meli ya Pelni, shirika la meli la serikali, usiku kucha hadi Neira, mji mdogo wa Banda. Boti ya kasi ipo kwa misimu, na ndege ndogo ya Neira ipo kwa majaliwa. Kutoka Neira kwenda Run ni pok-pok, boti ya mbao yenye injini ambayo jina lake ndilo mlio wake. Kama una miadi Ambon au ndege ya kimataifa, weka siku kadhaa za akiba katikati. Aliyepanga safari yake saa kwa saa ataumia. Ukiona mitumbwi yenye matengo pande zote mbili usidhani umerudi Kojani. Wataalamu wa vyombo vya baharini wanaihusisha ngalawa yetu na ufundi wa mabaharia wa visiwa hivyo.

Kila kinacholetwa kutoka nje ya kisiwa kina nauli ndani ya bei yake: mchele, mafuta ya taa, misumari, saruji. Weka akiba ya wiki tatu ndani ya nyumba. Samaki hawakosekani, muhogo upo, sago ipo, na supu ya samaki ya kungumanga utaililia ukiondoka. Mboga mbichi ndizo zinazopotea bahari ikichafuka. Umeme wa jenereta katika visiwa vingi vidogo huwashwa kuanzia jioni kwa saa chache, kwa hiyo paneli ndogo ya jua na betri si anasa. Pesa taslimu chukua za kutosha, noti ndogo zaidi kuliko kubwa.

Afya nitaieleza kwa ufupi lakini usiipite haraka. Kituo cha afya, puskesmas, kiko Neira. Vijijini hutegemewa mkunga wa kijiji, bidan, au muuguzi. Upasuaji mkubwa ni Ambon, na Ambon ni usiku mzima wa meli. Mwenye mimba iliyokomaa, mwenye moyo dhaifu, mwenye dawa za kila siku, ajiulize swali moja: bahari ikifungwa siku tano, nitakuwaje? Beba dawa za miezi mitatu pamoja na cheti cha daktari.

Halafu kuna ardhi kutikisika. Tarehe 1 Februari 1938 tetemeko la ukubwa wa karibu 8.5 lilipiga Bahari ya Banda, na mlima wa moto Gunung Api, unaotazamana na Neira, ulilipuka mwaka 1988. Kanuni wanayofundishwa watu wa pwani za Indonesia ni ya 20 tatu: mtikisiko ukizidi sekunde 20, una kama dakika 20, panda hadi mita 20 juu. Usisubiri king'ora wala ujumbe wa simu. Siku ya kwanza uliza njia ya kupanda kilimani, na usiku wake uipite bila taa.

Sasa twende kwenye kiwanja, ambako watu wengi hupotelea.

Umiliki kamili wa ardhi, Hak Milik, ni wa raia wa Indonesia peke yao. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Namba 5 ya 1960. Mgeni akirithi ardhi ya namna hiyo ana mwaka mmoja wa kuiachia. Utasikia ushauri wa kuandikisha jina la rafiki, mpishi au shemeji, wewe ukabaki na mkataba wa siri mfukoni. Sheria hiyo hiyo inasema uhamisho wa kumpa mgeni kwa mlango wa nyuma ni batili, ardhi huangukia serikalini na fedha zilizolipwa hazidaiki. Soma sentensi hiyo mara mbili kabla hujamwamini dalali. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupata haki ya matumizi, Hak Pakai, ya miaka 30, kuongezewa 20, kisha kufanywa upya kwa 30. Au apangishe tu, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la busara kwa miaka miwili ya mwanzo. Aliyeoa au kuolewa na Mwindonesia aulize mapema kuhusu mkataba wa kutenganisha mali, maana bila huo hata haki ya mwenzake inaweza kutiwa doa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016, mkataba huo unaweza kufungwa hata baada ya ndoa.

Hayo ni ya karatasi. Kisiwani karatasi ni nusu ya mambo. Viwanja vingi vya vijijini havina hati kutoka ofisi ya ardhi, BPN. Vina barua tu yenye sahihi ya mkuu wa kijiji, na barua mbili za kiwanja kimoja si ajabu. Maluku ya Kati vijiji vya jadi huitwa negeri, mkuu wake huitwa raja, naye ana baraza la saniri. Kewang ni walinzi wa mali ya pamoja, ya nchi kavu na ya baharini. Kaa nao wote, kaa na majirani wa pande nne, kaa na ndugu wa muuzaji walioko Ambon kwa simu. Ukimsikia hata mmoja akisema "tutazungumza baadaye", umeshapata jibu.

Uliza pia miti ni ya nani. Msomaji wa Unguja na Pemba ataelewa upesi, kwani kwetu nako mtu anaweza kuwa na mkarafuu katika ardhi ya mwenzake. Mkungumanga huchukua kama miaka saba kabla ya kuzaa na hulelewa chini ya kivuli cha mikenari, miti mirefu ya njugu. Babu aliyeupanda hakukupandia wewe. Ukinunua uwanja bila kutaja miti, asubuhi moja utamkuta mtu uani kwako na gai-gai, ule upondo mrefu wenye kikapu cha mianzi, akichuma matunda yake kwa haki kabisa. Na ukiona kuti changa limefungwa kwenye mti au kwenye nguzo ufukweni, hilo si pambo. Ni sasi: mavuno yamefungwa, iwe nazi, iwe majongoo ya baharini, mpaka wenye mamlaka wafungue. Kuchuma chini ya sasi ni njia fupi ya kukosa majirani.

Ufukweni penyewe tahadhari zaidi. Kwa kawaida mita 100 kutoka alama ya maji makuu ni ukanda wa hifadhi, na kuchimba matumbawe kwa ujenzi kumekatazwa na sheria ya pwani na visiwa vidogo ya 2007. Anayekuuzia kiwanja ambacho mawimbi yanakilamba anakuuzia mandhari.

Ukiwaona wazee wana shaka na mgeni mwenye karatasi, wana sababu. Mwaka 1621 gavana Jan Pieterszoon Coen na jeshi la kampuni ya biashara ya Waholanzi waliwaua, kuwahamisha au kuwafukuza karibu wenyeji wote wa Banda. Mashamba ya kungumanga yakakatwa vipande 68 vilivyoitwa perken, wakagawiwa Wazungu na kulimwa na watumwa. Waliokimbia walianzisha kijiji cha Banda Eli katika kisiwa cha Kei Besar, na lugha ya kale ya Banda inazungumzwa huko, wala si Banda. Mwaka 1667, kwa mkataba wa Breda, Waingereza waliwaachia Waholanzi Run, wao wakabaki na Manhattan, kisiwa cha New York ya leo. Hakuna aliyewauliza watu wa Run. Na karibu zaidi na wakati wetu: machafuko ya Maluku ya 1999 hadi 2002 yaliwahamisha wengi kwa misingi ya dini. Nyumba nzuri tupu inayouzwa kwa bei ya kutupa, uliza aliyekaa humo kabla ya 1999 ni nani, na yuko wapi.

Mambo ya ofisini: kuzidisha muda wa visa ni faini ya rupia milioni moja kwa kila siku, ukipita siku 60 ni kufukuzwa. Mgeni huripoti kwa mkuu wa mtaa ndani ya saa 24. Simu uliyokuja nayo isajiliwe, la sivyo inaweza kufungwa mtandao.

Lugha haitakutesa sana. Kabar ni habari, waktu ni wakati, adat ni ada, rezeki ni riziki. Meza wao huiita meja, na bendera haijabadilika hata herufi. Hata saa itakufurahisha: Maluku wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo wakisema jam satu mchana, kwetu ni saa moja asubuhi, nambari ile ile. Banda ni Waislamu kwa wingi, vaa kwa stara, na mwezi wa Ramadhani usile njiani. Ukitaka mazungumzo yasiyokwisha, sema unatoka nchi ya karafuu. Karafuu zilitoka kaskazini mwa Maluku, Ternate na Tidore, zikafika Zanzibar katika karne ya 19, na leo aina mojawapo inayopandwa Indonesia huitwa cengkeh Zanzibar. Wakulima watacheka, kisha watakuuliza bei ya kilo kwenu.

La mwisho ni mfuko usioingia maji. Pok-pok za Run huenda sokoni Neira asubuhi na kurudi karibu na adhuhuri, zikiwa zimejaa mchele, kuku na watu. Hati zako, dawa na simu viingie kwenye mfuko huo kabla hujakanyaga gati, uwe hapo mapema, na umuulize nahodha kama leo anavuka.