Kufuli lipo, lakini safari yako inaonekana

Mpangaji mmoja wa ploti fulani Kondele, Kisumu, alinijia amefura. Kijana anayesimamia rauta alikuwa amemtania: "Mama, jana usiku ulikuwa unabeti tena?" Akanigeukia: "Fundi, si ulisema kufuli likiwepo hakuna anayeona?"

Kufuli, ile alama kando ya anwani ya tovuti inayosema mawasiliano yamesimbwa (yamegeuzwa yasisomeke njiani), huficha ulichosoma na ulichoandika. Ulikokwenda halifichi. Nilimwonyesha kwa laptopu yake mwenyewe, na wewe fanya kwa yako tu. Kunasa mawasiliano ya mwingine bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018.

1. Weka Wireshark, programu ya kutazama data inayopita mtandaoni, chagua Wi-Fi, anza kunasa.

2. Kwenye kichujio andika `dns`, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP (namba ya kompyuta mtandaoni). Fungua tovuti. Majina ya tovuti yanamiminika wazi kabisa.

3. Badilisha kichujio: `tls.handshake.extensions_server_name`. Hapa nilipoteza jioni nzima, skrini tupu, nikaondoa programu na kuiweka upya mara mbili. Kumbe kosa lilikuwa langu. Anwani moja ya IP hubeba tovuti nyingi, kwa hivyo kivinjari huitajia seva jina la tovuti ndipo kiletewe cheti kinachofaa (uthibitisho wa tovuti hiyo), na jina hilo hutajwa kabla usimbaji haujaanza. Hutajwa mara moja, muunganisho unapofunguka. Mimi nilikuwa naanza kunasa wakati salamu hizo za kufungua muunganisho zimeshapita! Funga kivinjari chote, si kichupo tu, anza kunasa, ndipo ukifungue. Ukikuta `cloudflare-ech.com`, hujakosea: jina halisi limefichwa kwa ECH, njia ya kusimba hata jina hilo, ila si kila tovuti inayo.

Mama aliona jina la tovuti yake ya kubeti, na saa kando yake. Akanyamaza.

4. Tazama ukubwa wa pakiti, vile vipande ambavyo data husafiri navyo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana na Microsoft walionyesha kwamba ukubwa pekee waweza kufichua ugonjwa ambao mtu anauchagua kwenye tovuti ya afya.

5. Kwenye Android 9 kwenda juu, weka DNS ya faragha, inayosimba maswali ya DNS: `dns.quad9.net`. Mtandao ukifunga mlango wa 853 (port inayotumiwa na DNS hiyo) intaneti itakatika, rudisha "kiotomatiki". Hii inatibu hatua ya 2 pekee. Ya 3 inataka VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako yote yakiwa yamesimbwa hadi kwenye seva yake, na za bure mimi sizigusi: unamtoa kijana wa rauta unamweka mgeni usiyemjua.

Mama alikataa VPN, akaanza kununua bando. Sasa kijana haoni kitu. Kampuni ya simu ndiyo inaona.